ISHARA IWE MOJA KWA MAGARI YOTE

Ndugu wafanyikazi wenzangu,

Wale mliokuwapo katika mkutano wa tawi letu uliopita mwajua jinsi ulivyokwisha. Ulikwisha kwa makelele, na hoja tatu zilizoletwa hazikupigiwa kura. Mwenyekiti alisema zitarudi mkutano ujao. Mimi nilinyosha mkono mara tatu nisiitwe. Basi nasema hapa kwenye karatasi, ambapo hakuna awezaye kunizomea.

Hoja ya kwanza ilisema chama kiandikie Serikali kupinga sheria yo yote ya kuangalia makanisa na misikiti. Ya pili ilisema chama kiiombe Serikali ilegeze masharti ya moshi na maji machafu ya viwanda, ili kazi zisipotee. Ya tatu ilisema kazi zote mpya za karakana wapewe wenyeji wa Pwani peke yao.

Mzee aliyezileta namheshimu sana. Ndiye aliyenifundisha kutengeneza breki za mabehewa, nami nilikuwa sijui hata kushika spana. Katika hotuba yake alirudia neno moja: "Serikali ituache." Ituache tuombe, ituache tufanye kazi, ituache tuchague watu wetu. Watu wakapiga makofi. Hata mikono yangu ilitaka kupiga, kwa maana neno "ituache" ni tamu kwa mtu aliyechoka kusumbuliwa.

Lakini Mzee wangu, sisi watu wa reli tungekuwa wa mwisho kusema hivyo. Nani amesikia dereva akilia kwamba ishara nyekundu inamnyima uhuru? Dereva ajua ya kuwa mbele yake kuna gari jingine, na ndani mna watu. Jambo la kulalamikia ni lingine. Ni pale ishara inapokuwa nyekundu kwa gari la mizigo, na kijani siku zote kwa gari la bwana mkubwa. Hapo ndipo watu hufa.

Kwa hiyo kila sheria naipima kwa maswali mawili. Yamkinga nani? Na je, yamshika mkubwa kama imshikavyo mdogo? Tuzitazame hoja tatu kwa kipimo hicho.

JUU YA DINI

Mimi ni mtoto wa misheni. Kusoma kwangu kote, tangu A mpaka darasa la nane, nilifundishwa katika shule iliyojengwa na kanisa. Jumapili nafundisha watoto kanisani. Kwa hiyo asije mtu akasema nazungumza kama mpagani.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 8, yasema nchi hii haina dini ya Serikali. Kifungu cha 32 champa kila mtu uhuru wa dhamiri na ibada. Hayo ni maneno mazuri, na wazee wetu waliyapata kwa taabu. Mwaka 1948 Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku Dini ya Msambwa, na Elijah Masinde akawekwa kizuizini mbali na kwao mpaka 1961. Mwaka 1952 shule za kujitegemea za Wakikuyu zilianza kufungwa. Na msifikiri mambo hayo yalikuwa ya wakoloni tu. Mwaka 1968, tukiwa na bendera yetu, Dini ya Msambwa ilipigwa marufuku tena. Kwa hiyo Mzee anapoogopa kumpa mtu wa Serikali ufunguo wa kanisa, haogopi bure.

Lakini sasa twende Shakahola, hapa Kilifi, si mbali na sisi. Mwezi wa Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa msituni, na mwishowe miili iliyotolewa ilizidi 400. Walikuwa watu walioambiwa wafunge kula mpaka wamwone Bwana. Wengi walikuwa watoto. Nauliza, mtoto wa miaka minne alichagua dini gani? Uhuru wa dhamiri wa mtoto yule uko wapi?

Wengine wanasema, basi tuleta sheria mpya, kila mhubiri awe na cheti cha chuo. Hapo pia nakataa. Petro hakuwa na cheti. Alikuwa mvuvi mwenye nyavu. Sheria ya vyeti itamshika yule mzee anayeomba na watu kumi chini ya mwembe, na haitamgusa mwenye gari kubwa na redio yake, kwa maana huyo atanunua cheti kesho asubuhi.

Tena sheria hazikukosekana. Kumwua mtu kwa njaa ni kosa. Kumzuia mtoto kwenda shule ni kosa. Mhubiri wa Shakahola alikuwa amekwisha fikishwa mbele ya mahakama tangu 2017, na Machi 2023 alikamatwa tena akaachiliwa kwa dhamana. Kumhukumu si kazi yangu. Ninalosema ni kwamba ishara ilikuwapo, na aliyewekwa kuiangalia alikuwa amelala.

Jambo hili lanichoma, nanyi wengine mwajua sababu. Shemeji yangu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mhubiri mmoja, ambaye simtaji jina, alimwambia sindano ni dalili ya imani haba. Akaziacha. Siku si nyingi tukamzika. Watoto wake wawili sasa wanalala nyumbani kwangu, katika chumba kimoja na wangu watatu. Hakuna askari aliyekuja kuuliza, wala chifu, na sisi jamaa hatukumshtaki mtu, kwa sababu tuliona haya kushtaki kanisa. Kosa hilo naliungama hapa.

Basi Serikali isimwulize mtu anaamini nini. Imwulize anafanya nini. Mgonjwa anazuiwa dawa? Mtoto yuko shuleni? Fedha za sadaka zimeandikwa kitabuni, na waumini wanaonyeshwa hesabu? Na maswali hayo yaanzie kwa makanisa makubwa ambayo wanasiasa hupeleka vitita vya fedha mbele ya madhabahu. Novemba 2024 Jimbo Kuu la Katoliki la Nairobi lilikataa fedha alizozitoa Rais kanisani. Hilo lilifanywa na kanisa lenyewe, bila kulazimishwa na sheria. Tungefurahi kuona wengi wakifuata.

JUU YA SUMU YA VIWANDA

Katika hoja ya pili Mzee alisema: afadhali moshi wenye mshahara kuliko hewa safi yenye njaa. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Kabla sijafika hapa nilifanya kazi mahali pengine. Kila Jumamosi tuliamriwa kumwaga oili chafu mtaroni. Mtaro uliteremka mpaka kwenye mikoko, ambapo akina mama walichimba chaza. Sote tulijua. Chama kilijua. Tulinyamaza kwa sababu msimamizi alisema, "Mkitaka ukaguzi, kazi itafungwa." Hivyo ndivyo mfanyikazi anavyonunuliwa. Anatishwa kwa njaa ya wanawe ili awalishe sumu wana wa mwingine.

Nanyi mnaokaa Changamwe mwaijua Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, ili kupata madini ya risasi, kilifanya kazi ukutani mwa mtaa ule tangu 2007 mpaka 2014. Moshi uliingia majumbani na maji yake yakapita vichochoroni. Bi. Phyllis Omido alikuwa mfanyikazi wa kiwanda kile. Mtoto wake mchanga aliugua, na daktari alipopima damu akakuta risasi, iliyopita katika maziwa ya mama. Mama yule angeweza kunyamaza kama sisi tulivyonyamaza. Hakunyamaza. Alikamatwa, akasumbuliwa, akaendelea. Mwaka 2015 dunia ilimpa Tuzo ya Goldman kwa kazi hiyo.

Sasa tazameni mwendo wa haki. Mwaka 2020 Mahakama ya Ardhi na Mazingira iliamuru watu wa mtaa walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia ile. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na miaka 17 neno la mwisho liliposemwa. Na hukumu haikukiangukia kiwanda peke yake. Mahakama ililaumu na vyombo vya Serikali vilivyotakiwa kukikagua.

Pimeni hilo na mifuko ya plastiki. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ile ilipigwa marufuku. Faini ikawa kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja mpaka minne. Sheria yenyewe naikubali, kwa maana mifuko ile iliziba mitaro yetu na kuua ng'ombe. Lakini mama wa mboga alikamatwa na mfuko wake. Kiwanda cha risasi kilichukua miaka saba kufungwa. Hiyo ndiyo ishara ya rangi mbili ninayoisema. Dawa yake si kuwalegezea wakubwa nao. Dawa ni kuwabana wakubwa kama mama yule alivyobanwa.

Mzee asema kazi zitapotea. Ni neno la haki, na lazima lijibiwe. Lakini tujue nani hulipa. Moshi wa kiwanda hauendi Nyali kwanza. Huingia kwanza mapafuni mwa yule anayeshika koleo, halafu nyumbani kwake ng'ambo ya ukuta. Mfanyikazi akiomba sheria ilegezwe anaomba mshahara wake ukatwe katika damu. Tudai mambo mengine. Kiwanda kikisimamishwa kwa sababu ya sumu, wafanyikazi waendelee kulipwa mpaka kisafishwe, kwa maana kosa si lao. Na tutumie haki tuliyo nayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yaamuru kila mahali penye wafanyikazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyikazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Nauliza wazi: kamati yetu ilikaa lini mara ya mwisho? Nani anajua majina ya wajumbe? Twataka kumlaumu mkaguzi aliyelala huko Nairobi, na kumbe wa kwetu anakoroma humu karakanani.

JUU YA RANGI NA KABILA

Hapa ndipo makelele yalipoanza, nami najua watakaosema: "Huyu ni mtu wa bara, anatetea tumbo lake." Ni kweli mimi ni mtu wa bara. Nimesema mapema ili msipate taabu ya kunifichua.

Sisi wa reli tunaijua ajira ya rangi kuliko wengine. Babu zetu waliona mishahara ya namna tatu, ya Mzungu, ya Mhindi na ya Mwafrika. Katika kazi za Serikali kulikuwa na kanuni ya tatu kwa tano. Asiye Mzungu akifanya kazi ileile ya Mzungu, apewe sehemu tatu tu katika tano za mshahara wake. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ndiyo iliyosema kanuni hiyo iondolewe. Wazungu wa siku zile hawakuiita upendeleo. Waliiita ujuzi. Walisema Mwafrika hana sifa, na shule za kumpa sifa hizo walizifunga kwa ufunguo.

Kwa hiyo sikubaliani na vijana wetu wasemao, "Tuangalie sifa tu, mambo ya asili ya mtu yaachwe." Sifa hutoka wapi? Nitawaambia zangu zilikotoka. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Babu yangu alikaa karibu na stesheni moja ndogo ya njia ile. Misheni ikaja kwa gari la moshi, ikajenga shule pale. Ndiyo sababu mimi nasoma na kuandika. Turkana hapakuwa na reli, wala Mandera. Baada ya uhuru, Waraka wa Serikali Na. 10 wa 1965 ukasema fedha za maendeleo ziende kwanza kule kwenye ardhi nzuri, mvua na njia za usafiri. Aliyekuwa nacho akaongezewa. Mjukuu wa Mturkana na mimi tukisimama mlangoni pa karakana leo, msiseme tumeanza mwendo mahali pamoja.

Na Mpwani je? Reli imeanzia mlangoni kwake tangu 1896. Ameona mabehewa yakishusha watu wa bara mwaka hata mwaka, wakichukua kazi za bandari na za reli, naye anatazama. Uchungu wa Mzee ni wa kweli. Wenzangu wa bara mliomzomea mlifanya vibaya, na kama nilicheka pamoja nanyi nisamehewe.

Lakini kufunga mlango kabisa si dawa. Tumeona kuna nini upande wa pili wa mlango huo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika nchi hii, mtu akiulizwa kwanza jina lake la ukoo. Mapema 2008 vijana waling'oa reli pale Kibera. Reli yetu wenyewe, ndugu! Ndipo Bunge likatunga sheria ya 2008 ya utangamano wa taifa, kwamba kabila moja lisizidi theluthi moja ya wafanyikazi katika ofisi yo yote ya umma. Katiba nayo, kifungu cha 27, yakataza ubaguzi, na papo hapo yaruhusu hatua za kuwainua walioonewa zamani. Mambo hayo mawili hayagombani. Kumwekea ngazi aliyeachwa chini ni haki. Kumwondolea mwingine ngazi kwa sababu ya jina lake ni ubaguzi uleule wa zamani uliobadilishiwa kanzu.

Tunatofautishaje? Upendeleo wa haki husemwa mchana, huwa na kipimo, na huwa na mwisho wake. Upendeleo wa wizi hufanywa usiku kwa simu. Nikaapa mbele yenu: vijana wengi waliokosa kazi mwaka huu hawakuinyang'anywa na kabila jingine. Waliinyang'anywa na mpwa wa mkubwa fulani, na mkubwa huyo huwa na kabila lo lote lifaalo siku hiyo. Sisi wadogo twagombana Mpwani na Mbara, naye ameketi juu akihesabu nafasi zilizobaki.

Kumbukeni Makhan Singh. Mwaka 1935 alikichukua chama cha wafanyikazi wa Kihindi akakifungulia watu wa rangi zote. Kwa ajili ya kazi yake ya chama alizuiliwa tangu 1950 mpaka 1961. Angeweza kutulia na watu wake, kwa maana Mhindi wa siku zile alilipwa zaidi ya Mwafrika. Alijua tajiri hucheka anapoona chama chenye milango mitatu. Na mwaka 2018, magazeti ya Nairobi yalipoandika malalamiko ya Wakenya juu ya ubaguzi wa rangi katika reli mpya, hakuna aliyeuliza mlalamikaji ni wa kaunti gani. Siku hiyo sote tulikuwa Waafrika. Mbona umoja huo hutujia tukitukanwa tu?

NINALOLIOMBA

Mkutano ujao nitaleta hoja zangu tatu badala ya zile.

1. Chama kiiambie Serikali isiguse imani ya mtu, wala isidai vyeti vya wahubiri. Bali itumie sheria zilizopo juu ya kila amzuiaye mgonjwa dawa au mtoto shule, awe na kanisa la makuti au la vioo.

2. Chama kikatae kulegezwa kwa masharti ya sumu. Kidai mshahara kwa wafanyikazi wakati wa kusafisha, na kamati yetu ya usalama ichaguliwe upya mbele ya wote, mwezi huu.

3. Chama kidai nafasi za wanagenzi wa karakana zitangazwe ukutani. Sehemu maalumu wawekewe vijana wa Pwani na wa sehemu zilizosahauliwa, kwa miaka itakayotajwa. Na majina ya wote waliochukuliwa yabandikwe ukutani palepale, pamoja na alama zao. Mwenye mjomba tumwone.

Mzee wangu, siandiki haya kwa kukudharau. Wewe ndiwe uliyeniambia siku ya kwanza kwamba breki haiwekwi ili gari lisiende, huwekwa ili liende na lifike. Nimelishika neno lako. Nakuomba uiunge mkono hoja ya tatu, maana haitapita bila wewe, na bila sisi wa bara haitapita pia.

Tukutane mkutanoni. Nitanyosha mkono tena, na safari hii Mwenyekiti anione.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
Fundi wa Breki, Changamwe